Mabuti ya Vendelín

Kwanza niseme wazi kwamba mume wangu si mzururaji. Nimechoka kulisikia neno hilo. Vendelín ni mwashi, amejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Brno, na mwashi wa kwetu hana kazi kati ya Desemba na Machi kwa sababu saruji haishiki kwenye baridi kali. Wenzake miezi hiyo waliimalizia baa. Yeye alitia soksi na sapatu za ndani kwenye begi la mgongoni, akapanda treni, akaenda kutazama jinsi watu wa miji mingine walivyojenga. Leo Olomouc, kesho Ostrava, usiku bweni la bei nafuu, asubuhi treni nyingine. Nilipoolewa naye nilidhani ataacha. Badala yake akaninunulia begi langu.

Miaka thelathini na minane tunakwenda hivyo. Nimelala kwenye vitanda vya chuma vya ghorofa mbili, juu yangu wanafunzi wanakoroma. Nimekula nyama ya kukaanga ndani ya mkate kwenye madirisha ya treni zote za nchi hii na ya jirani zetu. Sijutii hata siku moja. Nijutiacho ni kitu kingine: mume wangu anaomba radhi kupita kiasi. Akikanyagwa, yeye ndiye anayesema samahani. Aliwahi kumwomba radhi daktari wa meno aliyemng'oa jino zima akaacha bovu. Nilitaka kwenda kumpiga mwavuli yule daktari, Vendelín akanishika mkono: "Jarmila, mtu wa watu ana wagonjwa wengi."

Basi Januari hii tulikuwa na safari isiyokuwa ya kutazama kuta. Gejza alikuwa anaoa.

Gejza ni mpiga plasta wa Košice, ng'ambo ya mpaka. Alijuana na Vendelín ndani ya treni iliyokwama kwenye theluji karibu na Poprad, vijana wote wawili, kazi zimesimama kwa baridi, mkate mmoja baina yao. Tangu hapo hawajaacha kuonana hata msimu mmoja. Gejza alifiwa na mkewe, akakaa peke yake miaka kumi na mmoja, hatimaye akampata Ilonka, mjane mpole anayefuma kofia. Mtu anaoa akiwa na miaka sitini na tisa, unadhani dunia itamfurahia. Thubutu! Ilonka ana mwana anaitwa Marcel, mwenye duka la vigae vya bafu, na huyo Marcel hakumtaka Gejza kabisa. Alimwambia mama yake kwamba bwana huyo na marafiki zake ni watu wa mabegi, wazururaji, na kwamba siku ya ndoa aangalie vizuri ni mtu gani atakayesimama upande wa bwana harusi.

Gejza alitupigia simu sauti ikimtetemeka. "Vendelín, Ilonka anaanza kusita. Hataki kugombana na mwanawe. Njoo uwe shahidi wangu. Saa nane mchana, Jumamosi. Usiponifikia ukiwa mtu wa kutazamika, nimempoteza."

"Nitafika," akasema mume wangu. "Samahani kwa usumbufu." Usumbufu gani, hata mimi sijui.

Jumamosi asubuhi tulitoka bwenini Ostrava tukiwa na saa za kutosha. Suti yake nilikuwa nimeikunja kwa karatasi laini ndani ya begi langu. Viatu vya suti hakuwa navyo, ila mabuti yake meusi yalikuwa ya ngozi nzuri, nimeyapaka rangi mwenyewe jana yake, na chini ya suruali ungesema ni viatu vya benki. Lakini njia ya kwenda stesheni ilikuwa tope la theluji na chumvi wanayomwaga barabarani, tukaingia kwenye treni miguu inachuruzika.

Chumba chetu kilikuwa na mama mmoja kijana na mtoto anayetambaa sakafuni. Tukasalimia, tukakaa. Vendelín akamtazama mtoto, akatazama maji yanayotoka kwenye mabuti yake, akaanza kufungua kamba. Akavaa sapatu. Kisha akayachukua mabuti, akayapanga koridoni, nje ya mlango wetu wa kioo, visigino vimelingana, hivyo hivyo kila mtu wa kwetu anavyoacha viatu vyake kwenye ngazi nje ya mlango wa nyumba.

"Yatie kwenye mfuko uyaweke humu," nikamwambia.

"Yananuka ngozi mbichi. Na mtoto ataramba ile chumvi."

"Hapa si nyumbani kwetu, Vendelín."

"Watu ni wale wale," akasema.

Jua lilikuwa linapiga theluji na kurudi machoni, tukavuta mapazia, ya dirishani na ya mlangoni. Tukala. Mtoto akalala. Treni ikasimama Žilina, ikaondoka. Baadaye kidogo Vendelín akafungua mlango aende chooni, akabaki amesimama pale pale.

"Jarmila," akasema taratibu, "mabuti hayapo."

Nikatoka mimi mwenyewe. Pale mahali pake palikuwa na madoa mawili ya maji, basi. Mkaguzi wa tiketi alikuwa anakuja kutoka behewa la pili, kijana aliyechana nywele zake vizuri, na fomu tayari mkononi.

"Yale mabuti ni yenu?" akauliza. "Nimeyatoa. Yako stesheni ya Žilina, chumba cha vitu vilivyopotea."

"Yamepoteaje, na mwenyewe amekaa nyuma ya mlango?"

"Mama, kitu kilichoachwa koridoni bila mwenyewe kinatolewa kwenye kituo kinachofuata. Ndiyo kanuni."

"Mkono ungekuumia ukibisha hodi?"

"Mapazia yalikuwa yamevutwa."

"Kwa hiyo ulidhani mabuti yamepanda treni yenyewe? Yamekata tiketi, yakachoka kusimama?"

Yule mama kijana akacheka kwa pua. Mkaguzi akawa mwekundu, akamgeukia Vendelín, maana watu wa aina hiyo wananusa haraka ni nani mnyonge. "Mzee, nahitaji sahihi yako hapa. Kwamba uliziba njia ya abiria."

"Sahihi ya nini?" nikapaza sauti. "Mmemvua mtu viatu katikati ya Januari, halafu akiri kosa?"

"Mimi natekeleza kanuni, mama."

"Kanuni ndiyo iliyokuzaa? Mama yako nyumbani anaacha wapi viatu vyake?"

Akasogeza fomu na kalamu mbele. Mume wangu, mwenye mikono iliyobeba matofali miaka arobaini, akachukua kalamu. "Samahani, kijana," akasema. "Sikujua." Akatia sahihi.

Nitasema kweli: sikuwa na hasira kwa mtu yeyote duniani kama niliyokuwa nayo kwa Vendelín saa ile. Kijana yule nilimdharau tu. Lakini huyu wangu nilitaka kumtikisa. Nilikaa nikatazama pazia mpaka Poprad. Yeye akavaa suti yake chooni, akarudi, akakaa na koti safi, tai ya buluu, na sapatu za kitambaa cha miraba ya kahawia.

"Gejza ataniona," akasema kwa sauti ndogo. "Na Ilonka ataniona."

"Na Marcel," nikasema. Nilikuwa mkatili, nakubali.

Treni ikachelewa, kama kawaida. Tulishuka Košice ikiwa imebaki robo saa. Hapakuwa na wakati wa kutafuta duka. Teksi zilikuwa na foleni. Tukakata katikati ya bustani, theluji ikifika kwenye vifundo vya miguu, mabegi mgongoni, mume wangu ananyanyua sapatu zake moja moja, soksi zinanyonya maji, na watu wa Mungu wanatupisha njia na kutazama. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake kando. Nilimtolea macho mpaka akageuka.

Kwenye ukumbi wa ndoa walikuwa wamekwisha kusimama. Gejza alipotuona uso wake ulifunguka, kisha macho yakashuka chini, uso ukajifunga. Ilonka alikuwa na maua meupe na kofia aliyoifuma mwenyewe. Msajili alikuwa anatazama saa. Na Marcel, kwenye kiti cha mbele, miguu imekunjwa, hakusubiri hata tuweke mabegi.

"Mama, si nilikwambia? Shahidi mwenyewe ndiye huyu. Hana hata viatu."

Mtu mmoja akacheka. Ilonka akaishusha mikono yenye maua. Nilimwona akitazama miguu ya mume wangu, kisha Gejza, kisha mwanawe, na nikajua tumeshaipoteza ndoa hii.

Vendelín akafungua mdomo. Neno linalokuja nililijua, nimeishi nalo miaka thelathini na minane, nikafumba macho nisilisikie.

"Viatu ninavyo," akasema. "Viko Žilina. Niliviweka nje ya mlango kwa sababu ndani kulikuwa na mtoto anayetambaa, akaja kijana nadhifu kama wewe, akavitupa nje ya treni bila kubisha hodi." Sauti yake haikuwa kubwa, ila sikuwahi kuisikia hivyo. "Nimekuja na miguu mibichi kwa ajili ya Gejza. Wewe umekuja na miguu mikavu kwa ajili ya nani?"

Marcel akatafuta neno, akamtazama mama yake amsaidie kulitafuta.

"Kaa kimya, Marcel," akasema Ilonka. Akayanyanyua maua yake. "Bwana msajili, tuendelee."

Wakaozwa. Ilipofika zamu ya shahidi, Vendelín akaenda mezani, sapatu zikilia kwenye sakafu, akatia sahihi pole pole, jina lake lote. Gejza akamkumbatia akalia bila kujificha. Mimi nilisimama na mabegi mawili, nikashindwa hata kupiga makofi.

Kwenye chakula aliniinamia sikioni. Nikadhani anataka chumvi.

"Jumatatu tunashuka Žilina," akasema.

"Kufuata mabuti?"

"Mabuti nayo. Kwanza ile karatasi niliyomsainia yule kijana. Naitaka inirudie mkononi, na sitoki pale stesheni mpaka nimeipata."

Nikamwambia begi lake nitabeba mimi.