Tajiri Mwenye Koti Lililopasuka

Juzi binti yangu alivaa jinzi iliyochanwa magotini, nami nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Likasi. Makaa ya pasi yalinukia, na mashini ya mama ya kushona ilikuwa ikilia. Mimi pia nililia: mkono wa gauni langu la kanisani ulikuwa umechanika kwenye waya wa uzio, na kesho yake ni Jumapili.

Ili ninyamaze, mama alinipa kitabu cha shule cha kaka yangu. Niliona picha ya mkulima wa Ulaya ya zamani, shati lake zima. Kando yake alisimama bwana mwenye koti lililojaa mipasuko mikononi, kitambaa chekundu kikichungulia.

"Mama, huyu wa koti eko maskini sana."

"Apana, mwana. Ule ndiye tajiri. Angalia, kando ya mipasuko bamepinda vizuri. Alipasula mwenyewe, bantu baone kitambaa ya muzuri ya ndani."

Baadaye nilisoma kwamba ndivyo walivyovaa matajiri wa Ulaya enzi za Renesansi, miaka mia tano iliyopita, na wakulima walitia viraka kama sisi.

Mama alishona kitambaa chekundu nyuma ya mpasuko wangu. Kisha akachukua makasi, akapasua na mkono wa pili, uliokuwa mzima.

Kesho yake, wakati wa kuimba, niliinua mikono juu kuliko wote, nikiamini kwamba tumetajirika.