Chupa Tisa za Noélie

Kando ya mto Ciron, Oktoba ikiingia, ukungu wa maji hupanda mashambani kila alfajiri, nao huzaa ukungu mwingine, ule unaoota juu ya zabibu na kuzikunja kama ngozi ya kikongwe. Mgeni angezitupa, asijue kuwa ndizo zitoazo mvinyo mtamu. Noélie Castagnet alizivuna moja moja kwa ncha ya mkasi, akiacha nyingine shinani ziendelee kuoza vizuri. Kwa miaka thelathini na sita alipita safu zilezile mara nne au tano kila msimu, na siku nyingine hakujua kama anatembea au anaota, maana sauti za wenzake zilimfikia bila miili.

Mavuno yakiisha, mwenye shamba alimpa kila mvunaji chupa moja ya mvinyo mtamu. Tangu mumewe afariki, Noélie aliziweka zake chini ya ngazi. Zilifika tisa. Mvinyo ule, alisema, haunywewi na mtu mmoja.

Ijumaa moja sokoni Langon alisimama mbele ya meza ya Cyprien Vaissade, mjane kama yeye, aliyeleta kutoka milimani jibini ya maziwa ya kondoo yenye mishipa ya buluu.

"Bi Noélie, leo utanunua au utanusa tu kama juzi?"

"Hii? Nikiiweka nyumbani paka atahama."

"Mvinyo wenu hauna mume mwingine ila huyu."

"Mume gani ananuka miguu! Mvinyo wetu umeolewa zamani. Na kuku, aliyechomwa kwa makaa ya matawi ya mzabibu."

"Kuku!" Cyprien akawageukia wateja. "Jamani, mmesikia? Kuku ni chakula cha mgonjwa!"

Watu wakacheka. Noélie akawaka. "Basi njoo Jumapili, we mzee mwenye mdomo. Lete huyo bwana harusi wako tumwone."

Aliyasema kwa hasira, lakini njiani moyo ulimdunda kama wa msichana.

Jumapili ukungu haukuinuka. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Kuku alikuwa tayari, ngozi imekauka rangi ya shaba, na chupa imetoka kupoa kisimani. Noélie alikaa dirishani akitazama weupe, akajiambia, mjinga mimi, mtu wa soko husema ya sokoni. Kisha akasikia kikohozi upande wa shamba. Cyprien akatokea kati ya mizabibu, suruali imelowa hadi magotini, furushi kifuani ndani ya koti.

"Gari limeingia mtaroni kule darajani," akasema. "Nimefuata harufu ya kuku wako."

"Chakula cha mgonjwa?"

"Nimeugua njiani."

Walianza na kuku. Cyprien akatafuna, akanywa mvinyo wa rangi ya asali, akapangusa mdomo, akanywa tena. Akaomba paja la pili. Ndipo akafungua furushi, akakata kipande chembamba, akampa kwenye ncha ya kisu. Noélie akafumba macho. Chumvi ilikuja kwanza, kali, kisha utamu ukaizunguka polepole, na katikati yake akahisi asubuhi zote zile za baridi, vidole vikinata sukari, mumewe akipiga mluzi safu ya pili. Machozi yakamtoka.

"Nimekuudhi?"

"Hapana. Nikatie kingine. Kinene, usiwe bahili."

Hawakwenda kuvuta gari hadi Jumatatu, na kijiji kizima kilijua kabla ya kengele ya mchana.

Aprili walifunga ndoa mbele ya meya. Chupa nane zilizobaki zilinywewa siku hiyo, kwa kuku na kwa jibini, na wifi yake Noélie, aliyeleta keki ya aprikoti, akaapa kwamba mvinyo ule ni wa keki, na wote wawili hawajui kitu. Noélie alivuna misimu sita zaidi. Magoti yalipokataa, alihamia mezani Langon, akawa anawakatia watu jibini kwa mkono wake ule mwepesi, huku akibishana na mumewe mbele za wateja, ambao wengine walikuja kwa ajili ya ubishi tu.