Mguu wa Tano wa Ndama

Mimi nina mdomo. Hata wanafunzi wangu pale Shinyanga mjini walijua: mguse mwalimu wa baiolojia kwenye somo lake, kengele italia naye bado anaongea. Kwa hiyo katikati ya miaka ya themanini, nilipoletewa habari kwamba kijijini kwetu, njia ya Samuye, ng'ombe kazaa ndama mwenye mguu wa tano begani, na shangazi yangu ameitwa kikaoni ajieleze, nilidandia lori la pamba mchana uleule. Nilikuwa nimefura.

Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mkunga wa jadi, macho mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe tuliyopikia baada ya kuni kwisha. Miaka ile hayo yalitosha kumtia mtu hatiani kwa uchawi. Wakisema ni yeye, atafukuzwa kijijini, tena ashukuru, maana wengine hawakuachwa waondoke wazima.

Nilimkuta amekalishwa peke yake juani, watu wamemzunguka. Mfumu, yaani mganga wetu, alikwisha kumpasua kuku wa ramli na alikuwa anamsoma matumbo. Ndama alifungwa pembeni, ule mguu wa ziada ukining'inia.

"Shikamooni."

"Marahaba, Mwalimu," wazee wakaitikia, wengine bila kunitazama.

Nikaomba kusema. Nikawaambia kwamba ndani ya kila mnyama kuna uzi mwembamba wa urithi, unaitwa DNA, na kuna protini zinazoushika uzi huo na kuamrisha: hapa uote mguu, hapa ubavu, hapa basi. Nikasema protini hizo ni za kale mno. Nzi anazo, chura anazo, ng'ombe anazo, na sisi tunazo, zikibadilika kidogo kidogo tangu kwa mnyama mmoja wa zamani aliyetuzaa sote. Amri ikikosewa, mguu huota pasipo pake.

"Kwa hiyo mimi na nzi ni ndugu?" akauliza mzee mwenye ng'ombe.

"Ukoo wa mbali sana, babu."

Watu wakacheka. Jamani, nilifurahi! Nikajua nimewapata.

"Haya," akasema mzee, "ng'ombe hatuwezi kumuuliza. Umewahi kumwona mtu aliyekosewa hivyo?"

Shangazi akakohoa. Akakohoa tena, amenikazia macho. Mimi, mjinga niliyesoma, nikasema mama huyu apewe maji.

Kisha nikainua mikono yangu yote miwili. Pembeni mwa kila kidole cha mwisho nina kovu dogo kama punje ya mtama. Mama yangu ndiye aliyenieleza kabla hajafa, akaniomba nisimwambie mtu, nami nikadhani ni aibu tu za kizamani.

"Mimi hapa!" nikasema. "Nilizaliwa na vidole sita kila mkono. Shangazi huyu ndiye aliyenipokea, akavifunga vya ziada kwa singa ya mkia wa ng'ombe mpaka vikakauka vikadondoka. Sasa mimi nina uchawi gani?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekaa karibu yangu akamvuta mtoto wake, akasogea.

"Kumbe," akasema mfumu taratibu, "alianza na mtoto wa kaka yake."

Nilipiga kelele, nikawatukana, nikawatajia chuo nilichosomea. Kila neno nililotoa lilimzamisha. Wakampa mpaka jua litue awe ameondoka.

Tulitembea hadi barabarani kungoja gari la Geita, kwa binamu yetu aliyekuwa akichimba dhahabu. Shangazi alibeba kigoda na furushi moja la nguo. Nililia njia nzima.

"Nisamehe, shangazi. Nilitaka waelewe."

"Ng'wanone, mwanangu, ulisema kweli," akanijibu. "Ila miaka thelathini mimi nimesema ulizaliwa na vidole kumi. Nilikufungia ndani na mama yako, kila anayekuja kukuona nikamwambia una surua, mpaka vidonda vikapona."

Gari likatokea kwa mbali, na vumbi lake. Akanishika mikono yote miwili, akaifunika kwa kanga yake.

"Mimi wameshanimaliza. Sasa umebaki wewe. Usirudi hapa tena, hata kwenye kaburi la mama yako."

Sijarudi hadi leo.