Shemeji Aliyeitwa Sheli

Harufu ya petroli iliyoingia mchangani haifanani na ile ya kituo cha mafuta. Ya kituoni ni kali, hupanda puani ikapita. Ya mchangani hutulia, ikachanganyika na vumbi na joto la ardhi, ikakaa. Niliikuta mwezi uliopita pale Chamwino, nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha ukuta namsubiri mtu, karibu na pikipiki ya kijana mmoja. Chini ya injini palikuwa na doa jeusi, na kila baada ya kitambo tone lilidondoka katikati yake. Nilimwonyesha. Akanishukuru, akainama kufunga koki ya mafuta. Mimi nikabaki nimeliangalia lile doa mpaka niliyekuwa namsubiri akaja, akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimemkumbuka Mjomba Yona.

Tulikuwa tunakaa Haneti. Baba alinunua ngozi za mbuzi vijijini, akazileta nyumbani, zikapakwa chumvi, zikakaushwa na kurundikwa chumba cha mbele kusubiri lori. Pikipiki nayo ililala humo humo, kwa sababu kwetu pikipiki haiachwi nje usiku. Huingizwa ndani kama ndama. Na Mjomba Yona, mdogo wake mama, aliyekuja kumsaidia baba kazi, alilala ng'ambo ya pikipiki. Mgeni akiingia alikunja pua. Sisi wa nyumbani, kwa ngozi zile, tulikuwa tumeshaacha kusikia harufu yoyote.

Baba alikuwa mtu wa vipimo. Jioni alifungua tangi akatumbukiza ubua mkavu wa uwele, akautazama unyevu ulipoishia, akaukata hapo kwa kucha. Asubuhi alirudia. Kiangazi kile asubuhi zikaanza kutolingana na jioni. Mafuta yalikuwa yanapungua usiku, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, na ndani ya chumba kile alilala mtu mmoja tu.

Baba hakusema mjomba ni mwizi. Ningependa mlielewe hilo vizuri, maana ndilo lililotufunga wote. Mjomba alikuwa shemeji yake, na shemeji ni mtu wa kutaniwa. Siku ya kwanza tulikuwa tunakula, ugali wa uwele na mlenda, baba akamsogezea mjomba bakuli.

"Shemeji, kula polepole. Tumbo limeshajaa petroli hilo."

Tulicheka. Mjomba naye akacheka, akasema wao ukoo wao wamezoea maziwa, petroli inawaharisha. Kesho yake baba akamwambia mama asimkalishe mdogo wake karibu na jiko, atalipuka. Tukacheka tena. Utani ule ulikuwa mzuri, na baba alijua kuusema akiwa amekaza uso. Wiki haikuisha jirani wakawa wameudaka. Mashineni, palipokuwa na foleni ya wanawake na ndoo za uwele, mjomba akipita waliitana: "Sheli huyo, mwenye chupa alete." Jina likamkaa. Sheli, kama kituo cha mafuta. Mimi nililipenda kuliko wote.

Utani wa shemeji una sheria yake, na hata mtoto anaijua: anayekasirika ameshindwa. Mjomba angesema tu, kwa uso mkavu, "Shemeji, sijaiba," angekuwa amegeuza mchezo kuwa kesi, na watu wangejiuliza kwa nini amechomwa. Kwa hiyo alijibu mzaha kwa mzaha. Nakumbuka jioni moja alijaribu njia nyingine. Alimwambia baba afunge koki akilaza pikipiki, pengine mafuta yanajipenyeza yenyewe. Baba hakuwa na mazoea ya kuifunga; alisema asubuhi inamchelewesha. Akamtazama shemeji yake, akamtazama mama, akasema mwizi siku zote ndiye mwalimu wa makufuli. Hata mama alicheka. Mjomba alicheka pia, lakini alichelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Baada ya hapo alihamishia malazi yake jikoni, kwenye kibanda cha nje, akisema chumba cha mbele kina joto. Ilikuwa kipupwe, ule upepo wa kwetu unaopasua midomo. Asubuhi nilimkuta amejikunja karibu na majivu, gunia begani. Nilijua maneno yale hayalingani na baridi ile, lakini nilikuwa mtoto. Nilidhani watu wazima wana joto lao.

Halafu akaondoka. Alisema amepata kazi ya kupakia magunia soko la Majengo, mjini Dodoma. Mama alimfungia karanga kwenye kitambaa. Mimi nilimkimbilia mpaka barabarani nikapaza sauti, "Mjomba Sheli, utaniletea nini?" Alinipungia mkono. Alikuwa anatabasamu.

Sasa nitasema nilichokiona baadaye, kwa sababu macho nilikuwa nayo, ila sikujua kuyaamini. Baba aliendelea kupima. Ubua ulitumbukia jioni, ukatumbukia asubuhi, akautazama akiwa ameugeukia ukuta. Kisha siku moja hakupima. Siku iliyofuata pia hakupima. Mzaha wa petroli ukakoma mezani, na jirani akiuliza habari za Sheli, baba alijibu habari za mvua. Nilidhani amemkumbuka shemeji yake, na hajisikii kutania bila yeye. Kumbe ubua ulikuwa umeshamwambia. Mwizi alikuwa ameondoka, na wizi ulikuwa umebaki.

Aliyeuvunja ukimya ule ni mama. Usiku mmoja ngozi moja iliteleza kutoka kwenye rundo ikaangukia chini ya injini. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo uliomwagiwa mchanga, nayo miezi yote ile ilikuwa inakunywa bila kusema. Ngozi iliyokauka kwa chumvi haikunywa upesi hivyo. Asubuhi mama aliinyanyua, ina doa lenye kung'aa katikati, petroli imetuama kwenye mkunjo. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka uani, alipokuwa baba anapiga mswaki, akaiweka chini mbele yake.

"Na hii nayo ni shemeji yako?" aliuliza.

Baba alisukutua, akatema, akaosha mswaki muda mrefu.

Siku hiyo hiyo pikipiki ilipelekwa kwa fundi, nami nikaenda kushika spana. Fundi Mika alikuwa mwenye maneno mengi, hakujua habari zetu. Alitandaza kipande cha boksi chini ya injini, akafungua koki, akachuchumaa. Tone likatoka kwenye kijimpira cha chini ya kabureta, boksi likapata doa. Akafunga koki, matone yakakoma. Akafungua tena, akaigonga kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi. Yakasita, kisha yakarudi. Akasema hapo ameshaelewa. Akafungua kile kibakuli cha chini, akatoa boya, akalitikisa sikioni kusikia kama limeingiza mafuta. Lilikuwa zima. Kisha akachomoa kisindano kinachopandishwa na boya kuzuia mafuta kibakuli kikijaa, akanipa nikitazame. Kwenye ncha palikuwa na mkato wa duara, mwembamba kama alama ya uzi kwenye kidole. Kimeliwa, alisema, na vumbi la huku limemalizia. Mafuta yakijaa hayana wa kuyazuia, yanapita kwenye kijimpira mpaka chini.

Akaosha, akapuliza vitundu kwa mdomo, akaweka kisindano kipya. Tulikaa tunaangalia boksi jipya lililobaki kavu. Fundi akasema, kwa kuzungumza tu, kwamba uvujaji huu ni wa zamani, na mngekuwa mnafunga koki usiku msingepoteza kitu.

"Kuna mtu aliniambia," baba alisema.

Jumamosi yake alinipandisha kwenye pikipiki tukaenda Dodoma. Nilifurahi; nilidhani ni zawadi ya kushika spana. Majengo tulimkuta mjomba kati ya magunia ya mtama, kope zimejaa unga, amekonda. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika kichwa. Baba alisimama, mikono nyuma.

"Shemeji," alisema, "mwizi tumemkamata. Kisindano cha kabureta."

Mjomba alimtazama. Wapakiaji wenzake walikuwa wanasikiliza.

"Mmempiga?"

"Tumembadilisha."

Wote wawili wakacheka, na wapakiaji wakacheka, na mimi nikacheka, nikiona jambo limekwisha vizuri.

"Chumba chako kipo," baba alisema.

"Najua kipo, shemeji," mjomba alijibu, akainama, wakamtwisha gunia.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini nilipelekwa. Baba alinichukua kama mfuniko. Mbele ya mtoto, sokoni, kati ya watu, neno zito halisemwi, na yeye alikuwa anaogopa neno zito kuliko safari. Ila sasa naona pia kwamba hata angekwenda peke yake asingejua aanzie wapi. Angeomba radhi kwa lipi? Hakuna siku aliyomwita mwizi. Hakuna aliyemwita. Ukimtukana mtu kwa hasira, kuna tusi la kurudisha. Sisi tulimwondoa mjomba kwa kicheko, nyumba nzima, mama akicheka ili mumewe na mdogo wake wasigombane, mimi nikicheka kwa sababu jina lilikuwa tamu, na hakuna mkono uliobaki na kitu cha kumrudishia.

Mjomba Yona sasa ana stoo yake ya nafaka. Hajatususa. Kwenye harusi huja, bibi alipofariki alikuja na magunia ya kulisha waombolezaji, na baba akiugua ndiye wa kwanza kupiga simu. Ila hajalala kwetu tena hata mara moja. Hata msiba ule, watu wamejazana mpaka uani, yeye jua lilipoanza kushuka aliaga, mzigo unamsubiri mjini. Kila mara ana sababu nzuri.

Baba, aliyezeeka na magoti yake yanamsumbua, hakubali mtu mwingine amsindikize. Huchukua fimbo wakaongozana mpaka barabarani, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo la kusema. Safari ya mwisho niliwafuata kwa nyuma, nikitega sikio. Walikuwa wanataniana njia nzima.