Mafuta kwenye Kitambaa cha Dada

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nisipoanza nao, dada atauanza yeye, na akiusimulia yeye unakuwa mrefu zaidi. Nilichukua kitambaa chake cha kichwani kilichokuwa kimeanikwa juu ya mti wa kahawa nyuma ya nyumba, nikakigeuza, nikakipaka mafuta ya mgando upande wa ndani kama mtu anavyopaka mkate siagi. Nikakirudisha palepale, nikaenda kukata majani ya mbuzi huku napiga mluzi. Nilijiona daktari.

Kwetu Rwamishenye miaka hii mtu hapimwi hospitali, anapimwa barabarani. Ukikonda, umekwisha. Ukinenepa, eti kuna dawa unaletewa kutoka Kampala. Ukikohoa kanisani, benchi lote linasogea, na padri anaendelea kuhubiri upendo. Lakini kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote ni nywele. Ugonjwa huu, ambao mwanzoni watu waliupa jina la kitambaa kilicholetwa kwa magendo kutoka mpakani baada ya vita, unajionyesha kichwani, ndivyo wasemavyo: nywele zinakauka, zinapauka, zinakuwa nyepesi, halafu zinanyooka zenyewe. Tumezika majirani wengi. Na kila tunapozika, hakosekani mama mmoja matangani wa kusema, "Mimi niliziona nywele zake tangu Pasaka."

Sasa fikiria. Dada yangu ana mchumba, mfanyabiashara wa Nshamba kule Muleba anayefuata bidhaa mpakani, mwenye pikipiki na koti la ngozi analovaa hata jua likiwaka. Shangazi yake, ndiye aliyemlea, alituma neno kwamba kabla ya mambo ya posa kuanza, atakuja mwenyewe Jumapili "kutusalimia." Hakuna aliyedanganyika. Mtu hapandi gari kutoka Nshamba kuja kusalimia watu asiowajua. Alikuwa anakuja kuangalia. Na akirudi na jibu baya, si Nshamba tu itakayosikia. Msichana akikataliwa kwa sababu hiyo, hakuna mwingine atakayekuja.

Wiki hiyohiyo dada akaacha kupaka mafuta.

Niliona mimi kwanza, maana tunatumia kopo moja la mafuta na ghafla likaacha kupungua. Nikaanza kumchunguza. Alikuwa anaosha nywele kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, anasugua kama anafua shuka, kisha anakaa kivulini zikauke kabisa. Zilikuwa zimepauka, rangi ya udongo. Halafu akawa anazifunga nyuzi nyeusi kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, fungu kwa fungu, mpaka kichwa kikawa kama nungunungu aliyekasirika, na juu yake kile kitambaa. Siku moja nikamkuta amefungua nyuzi za upande mmoja. Nywele zilikuwa zimenyooka.



Kilichonimaliza ni hiki. Alikuwa akichana, anaokota kila unywele uliobaki kwenye kitana, anazikusanya kwenye karatasi, anakwenda kibanjani, shambani kwetu, kuzifukia chini ya mgomba. Ndiyo, najua, hakuna mwanamke hapa anayefanya mchezo na nywele zake zilizodondoka. Mwenye kijicho akiziokota utajuta. Lakini yeye alikuwa anatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku.

"Unafukia nini?" nikamuuliza nikiwa nyuma ya mgomba.

Akaruka. "Ulimi wako! Nasubiri tu uutoe niufukie."

"Dada, unaumwa?"

"Naumwa wewe. Hebu toka hapa."

Kisimani jirani yetu mmoja, mwenye macho yasiyolala, akaniwekea ndoo kichwani na kuniambia taratibu, "Mwanangu, dada yako siku hizi hafungui kichwa. Salama?"

"Salama, mama. Anaogopa kunguru."

Alicheka, lakini kicheko cha mdomo tu. Nikajua habari imeshatembea. Mama sikumwambia. Baba aliondoka na mgambo wakati wa vita vya Uganda, mimi nikiwa sijajua kutembea, wala hakurudi. Mama ametulea peke yake na kibanja kimoja. Mambo mengine unayameza tu. Ndipo nikafikiri kidaktari: kama dalili ni nywele kavu, basi dawa ni mafuta. Dada hataki kupaka? Nitampaka akiwa hajui. Shangazi wa Nshamba akifika atakuta kichwa kinang'aa kama jungu jipya. Hivyo ndivyo kile kitambaa kilivyopata siagi, na Jumamosi usiku dada akalala nacho kichwani.

Jumapili mama alikwenda misa ya pili. Dada alibaki, eti kupika. Mlango ulipofungwa tu, akaniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshafungua nyuzi zote, kioo mapajani. Mbele yake palikuwa na chupa ndogo nyeusi yenye brashi kwenye kifuniko, na rundo la nywele nyeusi zilizoshonwa kwenye utepe, ndefu, laini, za kutoka kiwandani.

"Funga mdomo kwanza," akasema, "kisha nisaidie huku nyuma. Mkono wangu haufiki."

"Nini hii?"

"Nywele za kubandika. Rafiki yangu ameniletea kutoka Kampala. Unagawa nywele zako mstari, unapaka gundi kwenye utepe, unabandika karibu na shina, unakandamiza. Saluni wanakushona kwa sindano waliyomshonea kila mtu, mimi sitaki sindano ya mtu miaka hii."

"Na zile nyuzi? Na sabuni ya mche?"

"Matayarisho. Ni lazima nywele zako zinyooke zilale, na zikauke kabisa. Zisiwe na mafuta hata chembe wiki nzima. Gundi na mafuta haviishi nyumba moja."

Nilikaa chini.

Kwa hiyo hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajitengenezea kwa mikono yake mwenyewe dalili zote tunazoziogopa, kwa ajili ya urembo. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na nilitaka zaidi kukimbilia Maruku, kwenye kituo cha utafiti, nikaishi na wataalamu wa migomba. Ningesema wakati ule, angeosha tena. Lakini jua lilikuwa limepanda, nywele zisingekauka kabla ya mgeni, na, nikiri, niliogopa kibao.

"Ajabu," akasema akijipapasa, "leo zimelainika. Mbona zinateleza?"

"Labda ni jasho."

"Jasho la kulala?"

"Uliota mbio."

Gundi ilinuka kama ile ya kuzibia pancha ya baiskeli. Nilibandika, nikakandamiza mpaka vidole vikawa vyeusi, na kila utepe ulishika kwa shingo upande, kama mtoto aliyelazimishwa kusalimia. Tulipomaliza, kwa kweli dada alipendeza. Nywele zilimfika mabegani. Akatikisa kichwa. Mimi nikashika pumzi.

Mama alirudi, akasimama mlangoni na rozari mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Nywele, mama."

"Za nani?"

"Zangu. Nimezibandika."

"Watu wanakuja kuona kichwa chako, wewe unakifunika!" Mama alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo sauti yake ya hatari. "Mwenye kitu kizuri hakifuniki. Ndivyo watakavyosema. Zitoe."

Lakini nje mtu alikuwa ameshapiga hodi.

Shangazi wa Nshamba alikuwa mwanamke mnene mwenye macho membamba, amejifunga kanga mbili mpya. Mama alimpokea kwa heshima ya kwetu, "Karibu waitu, karibu ndani," akampa kiti cha baba. Macho ya mgeni yalianza kazi kabla ya makalio hayajagusa kiti: ukutani, sakafuni, kwangu, kwenye magoti yangu, kwenye kifua cha mama alipokohoa kidogo kwa sababu ya moshi. Mimi nikakaza misuli nionekane mnene.

Dada akaingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hupokelewa kwa hizo punje kavu, na akizipokea na kuzitia mdomoni, amekubali kwamba hapa ni pa watu wema. Asipozitafuna, hahitaji kusema neno. Dada akapiga magoti, akamwinulia kikapu kwa mikono miwili.

Shangazi hakunyoosha mkono.

"Nywele nzuri," akasema. "Ni zako?"

"Nimebandika, shangazi."

"Aa. Na zako ziko wapi?"

"Ziko chini yake."

"Ziko chini yake." Akalirudia polepole, akimtazama mama. "Mama, huko kwetu, miaka hii, binti akifunika kichwa tunauliza. Msinione mbaya. Nimezika wadogo zangu. Huyu kijana ndiye niliyebaki naye."

Nilimwona mama anazungusha rozari vidoleni, haraka kuliko sala yoyote ninayoijua. Kikapu kilikuwa bado hewani, dada akainamisha kichwa ili machozi yasionekane.

Na pale alipoinama, utepe wa kwanza ukaachia.

Uliteremka taratibu, hauna haraka, ukapita sikioni, ukapita begani, ukatua ndani ya kikapu juu ya kahawa. Wa pili ukaufuata. Nilisikia mama anasema "Mawe!" kama mtu wa kwetu anavyomwita mama yake akishtuka, na ninajua hakuwa anasali.

Shangazi aliutazama ule utepe kama mtu anavyomtazama nyoka. Kisha akainuka, akamshika dada kidevu, akaanza kuzivuta zilizobaki, moja baada ya nyingine. Hazikubisha hata kidogo. Zilitoka kama maganda ya ndizi iliyoiva. Chini yake nywele za dada zikasimama, nyingi, nyeusi tena kwa ajili ya yale mafuta yangu, nene kama majani ya kuezekea. Shangazi akatia vidole mpaka kwenye shina. Akavuta. Dada akapiga ukelele. Akavuta upande wa pili, kwa nguvu ya mtu anayeng'oa muhogo. Akafungua kiganja, akakipeleka dirishani penye mwanga, akakikagua.

Hakuna kitu. Hata unywele mmoja.

"Hizi zina mizizi," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu aliyetua mzigo. Akarudi kitini, akausukuma ule utepe pembeni kwa kidole kimoja, akachukua punje za kahawa, akazitia mdomoni. Tulimsikiliza akitafuna. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile, na mimi sipendi hata kahawa.

Halafu akaviangalia vidole vyake vinavyong'aa. "Lakini mafuta haya! Mwanangu, gundi ingeshikaje? Nani amekupaka mafuta yote haya?"

Dada akageuka polepole. Mama naye. Mbuzi mwenyewe, nje, akanyamaza. Nikatazama dari.

"Jasho," nikasema.

Kibao nilikipata, wala sikilalamikii, kilikuwa cha haki. Shangazi alicheka mpaka akapaliwa na kahawa, akakaa kula ndizi na maharage, akaondoka kwa gari la alasiri amebeba mkungu tuliompa. Dada aliosha kichwa kwa sabuni ya mche kwa mara ya mwisho, hasemi nami. Mama alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi, akaokota tepe moja moja sakafuni, akazikung'uta, akakaa muda mrefu kwenye kile kiti cha baba. Nikajua anawaza ile pikipiki, na zile safari za mpakani, na lile koti la ngozi, na nani anajua lina nini ndani yake.

Kisha akaniita.

"Nawa mikono yako hiyo," mama akasema. "Jumapili ijayo tunakwenda Nshamba kusalimia. Nikimwinamisha yule bwana wa pikipiki kunipa heshima, wewe utamvuta nywele."