Jani la Sale Lililokwenda Buguruni

Enzi zetu Kariakoo, siku ilianzia masikioni. Kabla hujaona hata mstari wa mwanga dirishani, ulisikia madebe yakiburutwa uani kuelekea bombani, bati juu ya saruji, na akina mama wakitaniana kwa sauti za usingizi. Tulitoka tumejifunga kanga za mama zetu, tukapanga mawe kwenye foleni ya unga, kila jiwe na mwenyewe, kisha tukaenda kucheza rede. Hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Vijana wa leo ukiwaachia jiwe lako watalipiga picha, halafu wasimame mbele yake.

Ugali wa unga wa njano tuliulalamikia huku tukikwangua sufuria. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanaidi, mama wa Kipwani, alifunga Ramadhani yote; sisi Wakristo wa Kilimanjaro hatukufunga hata siku moja, ila kwenye futari yake tulifika wa kwanza. Baba alikuwa na duka dogo mtaani, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. "Shikamoo yako isikike mpaka Mnazi Mmoja," alituambia.

Lakini lilikuwapo jina ambalo halikutajwa wakati wa chakula. Dada yangu mkubwa, Anaeli, aliondoka kwenda kuishi na mwanamume bila ndoa. Kanisa lilimtenga na meza ya Bwana. Baba akamtenga na meza yetu.

Kwetu Uchagani, aliyekosa huomba msamaha kwa jani la sale. Hulifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Baba alilingoja. "Siku atakayoleta sale, nitampokea," alisema, akageukia mizani yake.

Jumamosi moja Bi Mwanaidi alikuja dukani na ungo wa mchele, akaketi karibu na baba.

"Nimemwona Anaeli Buguruni. Ana mtoto mgongoni, na yule bwana kamkimbia."

Baba akayapanga upya mawe ya mizani.

"Nikamwambia, rudi kwenu. Ananambia, nitarudi na nini mkononi? Hilo jani lenu linaota wapi Buguruni, Baba Anaeli? Au unataka apande treni mpaka Moshi na kichanga?"

"Mimi nimesema mwaka mzima," mama alidakia, "wala sisikiki."

Mwaka mzima baba alikuwa akingoja jani lisiloota kwenye mchanga wa Dar. Alasiri ile alikwenda sokoni kwa Wachaga wenzake walioshusha ndizi kutoka mlimani, akarudi na mkungu begani na jani moja la sale, tayari limefungwa fundo. Akavaa koti lake la kanisani, na joto lote lile.

"Unakosea, Baba Anaeli," mama alisema. "Mkosaji ndiye hupeleka."

"Najua."

"Wazee wenzako watakucheka."

"Wacheke. Adamu alipojificha, nani alimtafuta mwenzake? Aliyekosewa ni Mungu, na aliyeita ni Mungu." Akalitazama lile jani. "Nimeyasema haya kila Jumapili, nikidhani nawaambia wengine."

Siku hizi tukikosana tunafutana kwenye simu, kisha kila mmoja anakaa akimngoja mwenzake aanze. Simu tunazo, barabara zina lami. Miguu ya kutangulia ndiyo imeadimika. Nami nikiwaza upendo wa Mungu kwa waliopotea, sioni mawingu wala malaika. Namwona baba ndani ya koti zito, jasho likimtiririka, kosa si lake, jani la toba mkononi mwake.

"Mwambie ndizi ziko motoni," mama alisema, ingawa hata hazikuwa zimemenywa.

Baba akaitikia kwa kichwa, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.