Nilivyowapunguza Waandamanaji

Mchumba wangu alinitumia picha tatu za maandamano, na katika zote tatu alikuwemo mwanamume mwenye kofia nyekundu. Yeye mchumba alikuwa Nairobi, barabarani, bendera shingoni na filimbi mdomoni. Mimi nilikuwa chumbani Al Wakrah, huku Qatar, siku yangu ya mapumziko, nikisubiri maharagwe yaive.

Katika picha ya kwanza jamaa alikuwa nyuma yake, karibu na duka la viatu. Sikumjali. Katika ya pili walikuwa kwenye raundabauti, na kofia ile ilikuwa bega kwa bega naye. Katika ya tatu walikuwa mtaa mwingine kabisa, moshi wa vitoa machozi umetanda, na kofia nyekundu ipo. Nilizima jiko kabla maharagwe hayajaiva.

Kazi yangu ni ulinzi. Kukiwa na mechi au tamasha kule Lusail, tunapangwa milangoni na kwenye njia za watu, na tulifundishwa kuukadiria umati kwa jicho. Unatazama chini. Ukiiona sakafu kati ya miguu, bado kuna nafasi. Usipoiona, unamwita msimamizi kwa redio, haraka. Kisha unachagua kipande kidogo cha uwanja, unakadiria waliosimama humo, unazidisha kwa uwanja mzima. Si elimu ya ajabu, lakini siku ile niliifanya wakili wangu.

Maana hoja yangu ilikuwa hivi. Watu wakiwa wachache, kumkuta mtu mmoja mara tatu si kitu. Hata harusini unagongana na mjomba yuleyule kila ukienda kuchukua soda. Lakini kwenye umati wa malaki, mtu hatokei kando yako mara tatu, mtaa hadi mtaa, ila mmefuatana. Kwa hiyo nilitaka wawe wachache. Wakiwa wachache, bado nina mchumba.

Serikali ilisema ni elfu chache tu. Wenye maandamano walisema ni milioni. Sijawahi kuipenda serikali yetu, lakini jioni ile niliiamini kama Injili.

Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Kisumu anayetengeneza kahawa katika hoteli moja pale The Pearl, aliingia akiwa ameinua simu juu.

"Buda, umeona hiyo nyomi? Hiyo ni milioni nzima!"

"Milioni gani? Hapo hawafiki hata elfu ishirini," nikamwambia. "Lami inaonekana. Angalia miguu."

"Hiyo picha ni ya asubuhi, watu hawajafika!"

"Hata hii ya jioni. Huku nyuma ni kivuli, si watu."

Alinikodolea macho. "Kwani umelipwa? Watu wanapigwa huko, na wewe umekaa hapa unawapunguza?"

Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta, akituamuru kwa Kiarabu tukome: "Khalas! Khalas!" Sikukoma. Kesho yake, Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya kanisa, tukinywa chai baada ya ibada, niliwaeleza Wakenya wenzangu habari za lami na miguu, wakanibandika jina papo hapo: Msemaji wa Serikali. Walicheka, lakini mmoja wao, ambaye ndugu yake alikuwa bado kwenye seli ya polisi, hakucheka. Aliinuka na kikombe chake akaenda kukaa mbali nami. Nilimwonea aibu, nikaenda nyumbani, nikaendelea palepale nilipoachia. Nilipima upana wa barabara kwenye ramani ya simu. Nikatoa miti, nikatoa vibanda, nikatoa hata magari ya polisi. Kila nilipotoa, moyo ulitulia kidogo.

Mtu wa Kisumu ndiye aliyenigundua. Aliichukua simu yangu ili anionyeshe ushahidi, akazikuta zile picha tatu, akazirudia moja moja.

"Kumbe ni hii kofia," akasema. Kisha, kwa upole ulioniudhi kuliko tusi: "Wivu ni kidonda, buda. Ukishiriki utakonda."

Nilimnyang'anya simu.

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Nilimwonea wivu yule mwenye kofia. Nilimwonea wivu hata mama aliyekuwa akiwagawia watu maji, hata polisi mwenye ngao, kwa kuwa siku hiyo kila mmoja wao alikuwa karibu na mchumba wangu kuliko mimi. Na ni mimi niliyemwambia naenda Doha kwa mkataba mmoja tu, halafu nikaongeza wa pili bila kumuuliza, halafu wa tatu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hilo nilijua nilipokuwa nikitia sahihi.

Jioni hiyo ya Ijumaa mchumba wangu alipiga simu ya video. Sauti ilikuwa bado imemkauka kwa kelele za jana yake.

"Uliona picha?"

"Niliziona. Lakini hamkuwa wengi sana." Nilisema kama utani, na kumbe nilikuwa nikimwomba.

Akacheka, akaona sicheki. "Hatukuwa wengi? Kwani wewe ulikuwepo?"

"Nasema tu kwa jicho la kazi. Kama elfu kumi na tano hivi."

"Elfu kumi na tano ni hao wa barabara moja!"

"Barabara ikiwa nyembamba watu huonekana wengi."

"Hebu nisikize," akasema, na sasa alikuwa amekasirika, amejaa fahari, mzuri kuliko nilivyomwacha. "Tulikuwa wengi mpaka huwezi kuinama ufunge kamba ya kiatu. Tulikuwa wengi mpaka netiweki ikapotea. Wakirusha teargesi, usipomshika mtu mkono unakanyagwa."

Mwenye akili angenyamaza hapo. Angesema pole, angeuliza kama macho bado yanamwasha.

"Wewe ulimshika nani?"

Hakushtuka. Alitazama kando, mahali ambapo kamera haikufika, kisha akanirudishia macho.

"Nilimshika aliyekuwepo," akasema.